Salme aliandika vitabu viwili, sisi tumesoma kimoja



Kila baada ya muda mada ya Sayyida Salme hurudi katika mazungumzo yetu, na kila ikirudi huja na sura ile ile: binti wa mfalme alipendana na Mjerumani, akatoroka usiku, akaishia kwenye baridi. Wengine wetu humlilia, wengine humlaani kwa kuacha dini, na wapo waliomfanya tangazo la utalii. Leo naomba tumuache kidogo huyo mpenzi na mtoro, tumtazame mwandishi. Hoja yangu ni moja na nitaisema mapema ili anayetaka kunipinga ajipange. Kitabu kilichompa jina si kitabu chake bora. Kile kilicho bora kilikaa sandukuni hadi miaka 69 baada ya kufa kwake, na sababu ya kukaa huko inatuhusu sisi tulioko huku, khasa sisi tulioletwa na ndoa na bado tunataka kuandika.

Kwanza khabari yenyewe kwa ufupi, kwa vijana ambao wameisikia nusu nusu. Salme alizaliwa Agosti 1844 Mtoni, Unguja. Baba ni Sayyid Said bin Sultan, mama ni Jilfidan, suria aliyetoka kwa Wacherkesi huko Kaukasia. Kusoma alifundishwa, kuandika hapana, maana watoto wa kike hawakufundishwa kuandika. Akajifundisha mwenyewe kwa siri, akinakili herufi za Msahafu juu ya mfupa wa bega la ngamia, ambao ndio uliokuwa ubao wa chuoni. Mwaka 1859, Barghash alipojaribu kumpindua kaka yao Majid, huyu binti wa miaka 15 ndiye aliyewaandikia wala njama barua zao. Kwa hiyo tukumbuke: kalamu ilimtia matatani kabla ya mapenzi.

Mapenzi yakaja baadaye, na Heinrich Ruete, mfanyabiashara kutoka Hamburg, jirani yake pale mjini. Akashika mimba. Agosti 1866, usiku wa Mwaka kama inavyosimuliwa, wanawake wakiwa wanashuka pwani kuoga, alipanda manuari ya Kiingereza iitwayo Highflyer akaenda Aden. Huko akajifungua mtoto wa kiume, na huko, mwaka 1867, akabatizwa kwa jina la Emily na kuolewa siku hiyo hiyo. Mtoto yule alifariki mwaka huo huo akiwa mchanga. Hamburg wakapata wengine watatu. Agosti 1870 Heinrich akafa kwa ajali ya tramu. Bibi alikuwa hajatimiza miaka 26.

Mwaka 1886 kikatoka Berlin kitabu chake, Memoiren einer arabischen Prinzessin, yaani kumbukumbu za binti mfalme wa Kiarabu. Miaka miwili baadaye kikatoka kwa Kiingereza. Hicho ndicho tunachokijua. Hicho ndicho kinachouzwa Mji Mkongwe, na ndicho kilicholisha riwaya za Kijerumani za leo, kama ile ya Nicole Vosseler ya 2010 na ile ya Lukas Hartmann ya 2013.

Sasa hebu kisomeni tena kwa kutafuta hayo mapenzi. Mtarudi mikono mitupu. Mapenzi yamepewa sura moja fupi, karibu na mwisho. Anasema nyumba zilikuwa jirani, urafiki ukageuka mapenzi, mji ukajua, akaondoka. Basi. Mimba haimo. Mtoto wa Aden hayumo. Waswahili husema mapenzi ni kikohozi, hayafichiki, na mimba ndiyo kabisa, lakini humo kitabuni vimefichwa vyote viwili.

Simlaumu kwa hilo. Mjane mwenye watoto watatu, mgeni, katika Berlin ya miaka ya 1880, angeliandika nini? Kila neno lingegeuzwa fimbo ya kumpigia yeye na wanawe. Tena mwenyewe anasema katika dibaji kwamba alianza kuandika kwa ajili ya watoto wake, si kwa ajili ya soko. Hiyo ni heshima na naikubali. Ninachouliza ni swali la mhakiki: mahali pale palipoachwa wazi na mapenzi, kimewekwa nini?

Imewekwa Unguja, sura baada ya sura. Nyumba ya Mtoni, mavazi, vyakula, Ramadhani, sikukuu, uzazi, magonjwa na mashetani, hali ya wanawake, utumwa. Na kila sura ina mtu mmoja asiyetajwa jina ambaye anajibiwa. Mtu huyo ni Mjerumani aliyekaa sebuleni kwake akiamini kwamba wanawake wa kwetu wamefungiwa, wanashinda wamelala juu ya mito, hawana akili wala kauli. Bi Salme anamjibu. Anamjibu vizuri, tena kwa ukali. Anawauliza Wajerumani kama kweli skuli zao zinalea watoto au zinawajaza tu vichwa. Anawauliza kama mke wa Kizungu ana uhuru kiasi hicho anachojisifia. Mwanamke wa Kiarabu aliyezaliwa Unguja kuwaambia hivyo mwaka 1886, kwa lugha yao, halikuwa jambo dogo, na kwa hilo peke yake kitabu kinastahiki kukaa rafuni.

Lakini kitabu ambacho kila ukurasa unajibu tuhuma ni kitabu ambacho maswali yake yametungwa na mwengine. Hapo ndipo udhaifu wake ulipo. Yeye anachagua jibu tu, swali hakulichagua. Mjerumani akiuliza juu ya nyumba za masuria, anaandika juu ya nyumba za masuria. Angekuwa ameuliza juu ya karafuu, tungepata sura tatu za karafuu.

Na tusisahau tarehe. Agosti 1885 manuari za Ujerumani zilisimama mbele ya Unguja kumlazimisha Barghash akubali madai ya Wajerumani kule bara. Safari ile ile Bi Salme naye aliletwa, na madai yake ya urithi yakiwa mfukoni mwa Bismarck. Barghash alikataa hata kumuona. Mwaka uliofuata Waingereza na Wajerumani wakagawana bara, na mwaka huo huo kitabu kikatoka. Sisemi kwamba aliandika kwa amri ya serikali. Nasema bidhaa iliyokuwa ikitakiwa sokoni siku zile ilikuwa Unguja, na yeye alikuwa nayo.

Sasa tuje kwenye kitabu cha pili. Wengi hawajui hata kama kipo. Kinaitwa Briefe nach der Heimat, barua za kwenda nyumbani. Zilibaki katika nyaraka za familia, zikahifadhiwa Leiden, Uholanzi, na hazikuchapishwa mpaka 1993, E. van Donzel alipozitoa kwa Kiingereza pamoja na ile kazi ya kwanza. Kwa Kijerumani chenyewe zilitoka 1999. Mwandishi alikuwa amekufa tangu Februari 1924, huko Jena.

Barua hizi zinaelekezwa kwa mwanamke, shoga yake aliyebaki Unguja. Jina lake hatuambiwi. Lakini tazameni kazi anayoifanya huyo asiye na jina! Kule mwanzo msomaji alikuwa Mjerumani na kitu cha ajabu kilikuwa sisi. Hapa msomaji ni mtu wa kwetu, na kitu cha ajabu ni wao. Sasa ni baridi ndiyo inayohitaji kuelezwa, na mavazi ya Kizungu, na macho ya watu. Watu wanamkodolea macho, wanataka kumuona binti mfalme kama anavyotazamwa mnyama aliyeletwa na meli. Katika kitabu cha kwanza alikuwa mtaalamu wa nchi ya mbali. Humu ni mtu aliyepotea ndani ya nyumba yake mwenyewe.

Na humu, ndugu zangu, ndimo mapenzi yalimokuwa. Hayakuja na maneno matamu. Yamo katika kusubiri. Mume huenda kazini asubuhi, mke hubaki na watumishi asiowaelewa na wasiomuelewa, akisubiri mlango ufunguliwe jioni. Heinrich alikijua Kiswahili, na Kiswahili ndicho walichokuwa wakisemezana. Fikirini jambo hilo vizuri. Katika mji mzima wa Hamburg, lugha yake ilikuwa ndani ya kinywa cha mtu mmoja. Huyo mtu alikuwa mume, na mkalimani, na jamaa, na nchi. Anayehama kwa sababu ya kazi au masomo huja na cheti chake, na kazi ikimshinda atatafuta nyengine. Anayehama kwa sababu ya mapenzi huja na mtu mmoja tu.

Mtu huyo akarukia chini kutoka kwenye tramu, akafa. Kuanzia hapo barua zinabadilika. Sheria ya Hamburg haikumtambua mama kuwa mlezi pekee wa wanawe, wakawekwa wanaume wa kusimamia mambo yao. Fedha zikapungua. Akahama mji hadi mji, Dresden, Rudolstadt, Berlin, akitafuta mahali pa maisha rahisi, akasomesha Kiarabu ili apate riziki. Na lile suala la dini, ambalo kule mwanzo analipitia kwa haraka kama anayepita mbele ya msikiti wakati wa sala, hapa anakaa nalo. Ile dini aliyozaliwa nayo ameiacha, hii aliyoingia haijamkaa moyoni, na hana wa kumwambia. Mwenye kumhukumu kwa kuritadi, namuomba asome kurasa hizo kwanza, kisha ahukumu kama bado ana hamu.

Kwa uandishi, hakuna mashindano. Kumbukumbu zinatufundisha vitu, barua zinatuonyesha mtu. Zile zina majibu tayari, hizi zina maswali ambayo mwandishi mwenyewe hana jibu lake. Kama mwanafunzi akiniuliza Bi Salme alikuwa msanii au shahidi tu wa mambo ya kasri, nitampa barua.

Lakini kuna kitendawili kimoja hapa, nacho ndicho kilichonifanya niandike. Barua za kwenda nyumbani zimeandikwa kwa Kijerumani. Huyo shoga wa Unguja, kama alikuwepo, asingeweza kuzisoma hata mstari mmoja! Aliyeandikiwa hakuweza kusoma, na waliokuwa wakiweza kusoma hawakuandikiwa. Naona maelezo yake ni hili: mtu aliyekuwa akisema naye Kiswahili alikwisha zikwa 1870. Watoto walilelewa kwa Kijerumani, na mwenyewe anakiri katika dibaji ile kwamba hawakujua mengi juu ya asili ya mama yao. Lugha ilifia nyumbani, basi moyo ukabidi uandikwe kwa lugha iliyobaki.

Sasa nisije nikaonekana namfanya malaika. Kuna sura katika kumbukumbu ambayo siwezi kuipita kimya, nayo ni ya utumwa. Anautetea. Anasema Wazungu hawauelewi, anawalinganisha watumwa na wafanyakazi wa Ulaya, analalamika juu ya haraka ya kuukomesha. Hapa si suala la kusema alikuwa mtu wa zama zake na kumalizia hapo, kwa sababu kitabu chenyewe kinamsuta. Katika kurasa za mwanzo anasimulia jinsi mama yake Jilfidan alivyotekwa akiwa mtoto, wazazi wakauawa, yeye na nduguze wakatenganishwa, asionane nao tena. Anasimulia kwa uchungu. Kisha, sura kadhaa mbele, kinachofanana na hicho kikiwapata watu wa bara wasio na majina, uchungu haupo. Mama alitolewa kwao kwa nguvu, binti akatoka kwao kwa mapenzi, na wote wawili wakafia ugenini. Mwandishi mkubwa angeliuona mfano huo. Yeye ameushika mkononi, hakuuona.

Mwaka 2019 Hamburg waliupa uwanja mmoja jina lake, na 2020 wakaamua kuliondoa kwa sababu ya hayo aliyoyaandika. Sina ugomvi na uamuzi huo. Ninacholalamikia ni kwamba walipomtukuza walimtukuza kwa kitabu kile kile kimoja, na walipomshusha wakamshusha kwa kitabu kile kile kimoja. Mwandishi wa barua hakuitwa hata kutoa ushahidi.

Tuje kwetu. Mimi nami niliolewa huku, na nami naandika. Miaka iliyopita nilimpelekea mchapishaji mmoja wa hapa, ambaye simtaji, hadithi ya mwanamke wa kwetu anayefanya kazi za usiku kwenye nyumba ya wazee, mume Mzungu hana kazi, wanaishi kwa kupishana mlangoni. Akanijibu kwa adabu kabisa. Akasema naandika vizuri, lakini je, sina kitu juu ya utoto wangu? Bibi yangu? Jikoni kwetu, viungo, bahari? Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa akiniomba kumbukumbu, na mimi nilikuwa nimempelekea barua. Nikacheka, maana niliona ombi hilo lina umri zaidi ya miaka 120.

Na wangapi humu wana hadithi kama hiyo? Aliyemfuata mume Bergen, aliyemfuata mke Minnesota, msanii wa tingatinga aliyeambiwa achore simba, mwimbaji aliyeambiwa avae kanga jukwaani. Unakuja huku kwa ajili ya mtu mmoja, unataka kuandika maisha unayoishi naye, na wenyeji wanakulipa kwa maisha uliyoyaacha. Hatari yake ni polepole. Ukiuza nyumbani miaka kumi, unaanza wewe mwenyewe kuamini kwamba hapa ulipo hapaandikiki.

Nitajibiwa kwamba njia nyengine ipo, na ni kweli. Katika Ujerumani hiyo hiyo Profesa Said Ahmed Mohamed, mtoto wa Pemba, alisomesha Bayreuth huku akiandika riwaya kwa Kiswahili. Babu Alipofufuka ilitoka 2001, ikachapishwa Nairobi. Yeye hakuhitaji ruhusa ya sebule ya Kijerumani. Lakini tuwe wakweli: alikuwa na kiti cha chuo kikuu, na alikuwa na wachapishaji na wasomaji Afrika Mashariki. Mjane wa 1880 hakuwa na kimoja kati ya hivyo. Hakukuwa na mchapishaji Unguja wa kumpelekea, wala msomaji mwanamke wa kumsoma. Sisi tunavyo. Udhuru aliokuwa nao yeye, sisi hatunao, au hatunao kamili.

Tena kuna njia ya tatu, ya kurudishwa. Abdulrazak Gurnah ameandika kwa Kiingereza maisha yake yote huko Uingereza, na mwaka 2022, mwaka mmoja baada ya Nobel, riwaya yake ya Paradise ikarudi kwetu kwa jina la Peponi, kwa mkono wa Dk. Ida Hadjivayanis. Nilipoisoma sikuona tafsiri, niliona mtu amerudi na mizigo yake. Hicho ndicho ninachomtakia Bi Salme.

Kwa hiyo ombi langu ni la kazi, si la machozi. Methali ya mwacha asili ni mtumwa tumeshamtupia vya kutosha, haijatusaidia kumsoma. Humu jamvini wapo wenye Kijerumani cha kweli na Kiswahili cha Unguja, wanajijua. Washike zile barua, waanze na za miaka ya Hamburg, wazitie katika Kiswahili kile kile ambacho yeye na mumewe walisemezana wakiwa wawili tu. Sura ya utumwa nayo isomwe pembeni yake, isifichwe. Halafu zipelekwe kwa huyo shoga asiye na jina. Yeye hayupo, lakini wajukuu zake wapo Unguja wanasoma skuli, na barua ni zao.

Mwenye khitilafu na mimi juu ya ubora wa vitabu hivi viwili aje na hoja, nipo. Ila ombi moja: asome vyote viwili kwanza.

Nawasilisha.